Risasi za Udongo Zenye Mshipi

Kisauni nzima hakuna mtu apigaye manati kama mimi. Naandika hivi nikiwa nimekaa barazani kwangu Mishomoroni, nyumba ya mawe yenye tangi lake juu, niliyoijenga kwa manati. Watu hucheka nikisema hivyo. Wakishamaliza kucheka huniuliza mbao za madirisha nilizitoa wapi.

Shule niliiacha darasa la nne, kule Likoni, na sijaikumbuka hata siku moja. Nilivuka nikaenda Changamwe, nikapata kibarua katika karakana ya vyuma, kazi yangu kufagia vinyweleo vya chuma vinavyomwagika chini ya mashine ya kukereza. Wenzangu walifagia na kwenda zao. Mimi nilifagia huku macho yako juu. Mtu akikereza shaba mbele yangu mara mbili, ya tatu nakereza mimi. Huo ndio usomi wangu, na umenifikisha mahali ambapo wengi wenye vyeti vya ukutani hawajafika.

Sasa niseme kazi yenyewe, maana wasomaji wa mbali huenda wasiijue. Hoteli zetu za Nyali hulisha wageni nje, kandokando ya bwawa au chini ya paa la makuti. Hapo ndipo kunguru wanapokuja. Kunguru wa Mombasa si ndege, ni hasidi mwenye mabawa. Hungoja mgeni ainuke kufuata chumvi, akirudi hana samosa. Akikosa cha kuiba hudondosha alichokiiba kwingine, utumbo wa kuku au kichwa cha samaki, na hukidondosha pale pale penye kitambaa cheupe. Basi hoteli huajiri watu wenye manati wa kuwafukuza. Zamani walikuwa ni walinzi tu waliopewa manati kama mtu anavyopewa ufagio. Mimi ndiye niliyeifanya kuwa kazi. Nina wenzangu watatu, wanaume wazima wenye familia, tunavaa shati moja la kaki, na hoteli yetu haijawahi kupoteza samosa mbele yangu. Nasema mbele yangu.

Siri ya manati iko katika kinachotoka, wala mti hauna siri. Kila mtu atakuonyesha panda yake, hii ya mpera, hii ya mkwaju, na mipira yake aliyoikata kwa tairi la ndani la baiskeli. Muulize apiga nini, atakuonyesha kokoto. Kokoto moja bapa, moja yenye kichwa, moja kama meno ya ngamia. Utalengaje? Ni sawa na mtu kutuma wajumbe kumi wenye lugha kumi kupeleka salamu moja.

Gololi za kioo ni nzuri, zote sawa, lakini hotelini haziruhusiwi. Kuna aliyezitumia kabla yangu akavunja ukuta mzima wa kioo wa chumba cha mazoezi, na mgeni yuko ndani juu ya mashine ya kukimbilia, hajui akimbie vipi tena. Hoteli ikataka kitu kigumu hewani na laini kikifika. Hapo ndipo nilipokuja mimi na risasi zangu za udongo.

Udongo wa mfinyanzi nautoa bondeni, mbali na ufuko, kwa sababu wenye chumvi hupasuka ukikauka. Naupepeta, nauchanganya na jivu la vifuu, nauacha ulale ndani ya gunia bichi. Kisha kalibu. Kalibu yangu ni ya shaba, vipande viwili, kila kimoja nimekichimba nusu ya mviringo kwa mkono wangu. Unajaza udongo, unavibana vipande, unafungua, risasi inatoka. Haitoki laini kabisa. Pale vipande viwili vilipokutana hubaki ukingo mwembamba unaoizunguka risasi katikati, kama mshipi kiunoni mwa mtu.

Watu wengine wakiuona mshipi ule huukwangua kwa kisu mpaka uishe, na wakishaukwangua risasi huwa imeliwa upande. Mimi mshipi nauacha. Naupunguza kwa msasa, kidogo kidogo, mpaka ukubali pete zangu. Nina pete mbili za chuma, nilizikereza mwenyewe, na tofauti yake ni unene wa ukucha. Risasi lazima ipite katika pete kubwa, na lazima ikatae kupita katika pete ndogo. Ikikataa zote mbili narudia msasa. Ikipita zote mbili naitupa. Zikishakauka kivulini nazioka kwa moto wa makumbi, moto wa kunong'ona, zipikwe nusu. Hivyo zikimpiga kunguru anajua amepigwa, na zikianguka kwenye vigae zinakuwa vumbi. Mfagiaji anapita mara moja.

Na wakati wa kupiga, nailaza risasi kwenye kile kijingozi cha manati mshipi ukiwa umesimama wima, kila mara hivyo hivyo, siku zote. Kwa namna hiyo nilikuwa naweza kumchagua kunguru katika kumi na kumwacha jirani yake akishangaa. Wakaja kutoka hoteli nyingine kuniuliza. Niliwaeleza kila kitu isipokuwa pete.

Tatizo la kupiga vizuri ni kwamba kunguru wana akili. Walinijua uso. Nikitokea tu mlango wa jikoni, mmoja analia juu ya paa, wote wanaondoka. Wenzangu wakawa wananiambia niwe nashinda hapo nimekaa, yatosha. Nami nilikaa, kwa heshima zangu, na kwa jinsi hiyo ikawa meneja mpya alipokuja hakuniona nikipiga hata siku moja.

Meneja huyu ni kijana wa bara, mtu mzuri, hana kiburi, anaamkia watu. Alinikuta nimekaa siku ya kwanza, akanikuta nimekaa ya pili, na wiki ile ile mimi sipo, nimekwenda kumzika jamaa Likoni, kunguru akamwangushia mgeni wa heshima utumbo wa kuku begani. Nilivyorudi alinikalisha akaniambia kwa upole kwamba kuna kampuni inayofunga nyavu juu ya bustani nzima. Nilimweleza kwamba bustani chini ya wavu ni tenga la kuku, na hakuna atakayepanda ndege kutoka nchi za watu kuja kulia ndani ya tenga. Akacheka kweli, kisha akasema, "Mzee, ninakuelewa. Lakini wavu hauendi mazikoni."

Tukafikia hapa: kulikuwa na harusi kubwa inakuja, walima wa watu wa zamani wa mjini, wafanyabiashara tangu babu zao, chakula cha mchana nje bustanini. Ikipita salama, mimi na wenzangu watatu tunabaki. Kunguru mmoja akiharibu, nyavu zinafungwa na sisi tunashukuriwa. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Na ilikuwa ndogo, mpaka alipokuja mamake bi harusi.

Alikuja kuikagua bustani na dada zake wawili, buibui la hariri, mkoba wa funguo mkononi. Alizunguka, akaipima kwa macho, akasema hapa patazungushwa turubai, hapa patakaa bi harusi, hapa masinia. Kisha akauliza yule apigaye kunguru ni nani. Nikajitokeza, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza watu wangu, akauliza nyumbani wazima, akamaliza salamu zote bila kuruka hata moja kama wanavyofanya watu wa kwao. Ndipo aliposema lililomleta.

"Sikujui, baba, wala sina ubaya nawe. Lakini walima huu ni wa wanawake. Mabuibui yatavuliwa, watu watakaa kama walivyo. Siku hiyo hata paka dume hataingia humu."

Meneja alijaribu kusema mambo ya kusimama pembeni, ya kutazama upande mwingine. Mama yule akamtazama kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu. Alisema kunguru pia hataki. Aliwahi kwenda walima mmoja wa jirani zake ambapo kunguru alitua katikati ya sinia la biriani akachagua nyama, na mpaka leo wale watu wakitajwa hutajwa pamoja na kunguru wao. Binti yake ni mmoja tu. Hapana mwanamume, hapana kunguru, na kama hoteli haiwezi yote mawili, ziko hoteli nyingine.

Meneja akanigeukia. Wenzangu watatu pia, waliokuwa wamejipanga nyuma yangu na mashati yao ya kaki, wakanitazama. Mimi sijawahi kukosa jibu. Nikasema, "Nina mtu. Mwanamke. Nimemfunza mwenyewe."

Lakini nilikuwa sijamfunza mtu.

Mke wangu ni Mdigo wa Mtongwe. Hushona madera, na mashine yake ya kushonea iko chumba cha mbele, hivi kwamba kila anayeingia kwangu hupita kwanza mbele ya hukumu yake. Nikamweleza. Akaendelea kukanyaga mashine mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, kisha akaniuliza nilisema nimemfunza nini. Nikamwambia manati. Alicheka mpaka akaivua miwani.

Kuna jambo nililokuwa nalijua kuhusu yeye lakini sikuwahi kulitilia maanani. Utotoni alikuwa akipelekwa kwa bibi yake, kwenye mabonde ya mpunga huko ndani Kwale, na kazi ya wasichana ilikuwa kuamia ndege, yaani kushinda shambani kuwazuia ndege wasile mpunga unapoiva. Waliwapiga kwa kombeo, kamba ile unayoizungusha juu ya kichwa ukaachia, na risasi zao zilikuwa vidonge vya matope walivyovifinyanga kwa viganja. Mke wangu alikuwa akinitania nalo kila nikirudi na sifa za hotelini. Ndege wake, asema, walikuwa wadogo kuliko kunguru wangu, na hawakuwa wakikaa kungoja kupigwa.

Basi nikampa manati yangu. Nilimpunguzia mipira, kwa kuwa mkono wake ni mfupi kuliko wangu, na nikamfungulia mkebe wa risasi zangu bora, zile nilizokuwa nimeziweka kwa siku kubwa. Nyuma ya nyumba nikatundika kifuu juu ya mti wa ua. Nikamwonyesha namna ya kusimama. Akasema anajua kusimama. Nikamwonyesha mshipi, kwamba usimame wima. Hilo akalikubali.

Ya kwanza ikapiga kifuu kikazunguka. Ya pili ikapita juu. Ya tatu ikapiga chini ya kifuu, ikang'oa gome. Ya nne ikakipiga tena. Nikamwambia mkono wake unayumba. Akapiga nyingine, juu. Nikamwambia anavuta pumzi vibaya. Akapiga nyingine, chini. Nikamwambia wapiga kombeo wamezoea kurusha ovyo ndege wakiwa mia, hapa ni mmoja na yuko juu ya sinia la watu. Akaniambia nikitaka kumsema bibi yake niseme wazi, na majirani wasikie.

Nikachukua manati nikapiga mwenyewe. Kifuu, kifuu, kifuu. Nikamrudishia bila kusema neno, maana wakati mwingine kunyamaza ndiyo sifa kubwa zaidi.

Hakuipokea. Alikuwa ameinamia mkebe. Akatoa risasi mbili, akaziweka moja kila kiganja, akafumba macho kama anaomba dua. Kisha akasema, "Hii ya kulia imekula. Hii ya kushoto imelala njaa."

Nikazichukua nikazipitisha kwenye pete mbele ya macho yake. Zote mbili zikapita katika kubwa. Zote mbili zikakatazwa na ndogo. Nikamwambia pete ni chuma, chuma hakina upendeleo.

Akachukua pete kubwa, akaiingiza risasi nusu, akainyanyua kwenye mwanga wa jua kama anavyonyanyua kitambaa kutazama kama kina tundu. Akaitazama, akaitazama. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo hulirudia mbele ya wageni, na mimi hutoka kwenda kuangalia tangi.

"Bwana we, pete yako yapima mshipi tu. Mtu akija kwangu nikampima kiuno peke yake, nikamshonea dera, tumbo lake atalitia wapi?"

Nilitaka kujibu. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikaona.

Pete inagusa pale palipotokeza, na palipotokeza ni mshipi. Mimi naupiga mshipi msasa mpaka upite, na risasi zote mishipi yake iko sawa kama askari wa gwaride. Lakini siku nikijaza udongo mwingi, vile vipande viwili vya kalibu havifungi kabisa, na risasi inatoka na tumbo. Nikiujaza kidogo, inatoka imesinyaa. Mshipi hausemi. Pete haijui. Mkono wangu mimi ulikuwa unajua, maana vidole vyangu huibana risasi na kuonja uzito wake, na mkono unapanda au unashuka wenyewe kabla sijafikiri. Miaka yote nilikuwa nasahihisha bila kujua kwamba nasahihisha. Sasa ebu niambie, ni watu wangapi wenye mkono wa namna hiyo?

Nilikwenda kwenye kibao changu cha kazi, nikaifunga pete kubwa kwenye jiriwa, nikachukua tupa, nikaipasua vijipengo viwili vinavyotazamana. Nikafanya vivyo hivyo na ndogo. Sasa risasi ukiipitisha, mshipi unapita ndani ya vile vijipengo bila kugusa chuma, na kinachopimwa ni mwili wenyewe. Unaizungusha, unaupima na upande wa pili. Mke wangu husema aligundua yeye. Mimi nasema kuona kasoro ni jambo moja, na kukata pete ni jambo jingine, na pete nilikata mimi.

Tukaumwaga mkebe wangu wa siku kubwa juu ya jamvi tukaupima upya. Zaidi ya nusu ya zile risasi bora zilikataliwa. Aliyekuwa akizikataa ni yeye, akizitupa ndooni moja moja, na kila moja ilisikika.

Siku za walima zilikuwa zimekaribia na udongo hauna haraka ya mtu. Ukiukausha juani unapasuka, na mvua nazo zilikuwa zimeanza kupita asubuhi. Nilifinyanga upya, safari hii kila bonge nikilikata kwa kijiko kimoja kilichopanguswa ukingo, kalibu ikifunga mpaka shaba ilie juu ya shaba. Tukazitandaza chini ya kitanda chetu, ndipo palipo na kivuli na hewa kidogo, na kila siku tulizigeuza kama mtu anayegeuza maandazi. Moto nao niliukalia mwenyewe sikumwachia mtu. Zilipopoa mke wangu akapiga kifuu mpaka kikaisha, tukatundika kingine.

Sijamwambia kwamba niliogopa. Wenzangu watatu walipita nyumbani mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, huyu kaja kusalimia, huyu kaja kuazima koleo, na kila mmoja aliuliza huku akitazama kwingine kama mama yuaendeleaje. Mmoja wao mkewe alikuwa karibu kujifungua. Niliwaambia wakalale.

Siku yenyewe nilikaa nyuma ya jikoni, upande wa nje wa turubai, kwenye kiti cha plastiki, mimi na mpishi mkuu, mtu mnene wa Changamwe tuliyejuana tangu zamani. Simu zote za waliokuwa ndani zilichukuliwa mlangoni. Wahudumu walikuwa wanawake watupu, hata waliobeba masufuria. Mke wangu alikuwa ameingia na dera alilojishonea mwenyewe, mikono mipana, na mtandio mkubwa, manati iko chini ya mtandio. Risasi alizitia kwenye kikoba cha ubani, akasema kama ni kunuka basi zinukie.

Nikasikia udi. Nikasikia vicheko, masinia yakiwekwa, mtu akisoma dua, amina nyingi kwa pamoja. Kisha nikawasikia wao. Kunguru huja kwa kuitana, mmoja hapa, mmoja kule, halafu kimya, na hicho kimya ndicho kibaya. Nikasimama. Juu ya ukingo wa makuti walikuwa wamejipanga, wote wakitazama ndani kule nisikoweza kuona. Mmoja akageuza kichwa akaniona. Akalia. Nilidhani wataondoka kama kawaida, lakini harufu ya biriani ilikuwa kali kuliko hofu yao, wakahama tu, wakaenda paa la upande wa pili ambako hata manati ingekuwa mkononi mwangu isingefika, wakaniacha na meneja aliyekuwa amekuja kusimama karibu nami, mikono mfukoni.

"Mzee," akasema, "yule mama anaweza?"

Nikamwambia amefunzwa na mimi.

Tukasikia mabawa, kisha mwanamke mmoja akapiga ukelele, "Yallah", na baada yake hakuna sauti. Nilihesabu kazi yangu, nikaihesabu na ya wale watatu, nikaona wavu mweusi juu ya bustani yote. Katikati ya kimya kile nikasikia mpira wangu. Naujua mlio wake, mkavu, mfupi, kama mtu aliyefunga kitabu. Mara vigelegele, vingi, kutoka kila upande.

Mpishi akasema ni bi harusi ameingia. Nikamwambia bi harusi aliingia zamani na sasa anakula, hivyo ni vya risasi. Tukabishana. Meneja alikuwa anatazama mlango.

Mhudumu mmoja akatokea, amebeba sinia lililofunikwa kawa, amelinyosha mbele yake kwa heshima zote kama anayepeleka chakula kwa wakwe. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu akaliweka miguuni. Akasema mama kanituma, asema hiki ni cha kwako. Nikafunua. Alikuwa kunguru, mzima, amekaa juu ya kitambaa cheupe amelewa, mdomo wazi, vumbi jekundu kifuani. Alinitazama. Nawaapia alinijua. Akapiga kelele moja ambayo ilimfanya mpishi aruke nyuma, akainuka kwa kuyumba, akapita juu ya turubai akielekea mkono wa bahari, na wale wengine wote juu ya paa wakainuka wakamfuata wakipiga makelele ya msiba. Paa likabaki na makuti yake.

Yule mhudumu ndiye aliyetueleza, akishika mbavu. Kunguru alishuka kwenye sinia la bi harusi lenyewe. Aliyepiga ukelele ni shangazi mtu. Mke wangu alikuwa ameketi na wengine jamvini, anakula, wala hakusimama. Aliutoa mkono chini ya mtandio, akapiga kutoka pale pale alipokaa, na kunguru akaanguka nyuma ya kiti cha bi harusi kabla mguu wake haujagusa wali. Risasi yenyewe iligeuka vumbi kwenye vigae. Mamake bi harusi alilisogeza vumbi kwa ncha ya kiatu, akafunika ndege kwa kawa kwa mkono wake, akawaambia watu waendelee kula, chakula kitapoa. Kisha akapiga kigelegele cha kwanza.

Jioni, wageni wakishaondoka, meneja alituita ofisini, mimi na mke wangu. Wenzangu watatu walisimama nje ya mlango, naviona viatu vyao kwenye upenyo wa chini. Meneja akasema nyavu basi, hazitafungwa. Akasema pia mamake bi harusi amekwisha kuwaambia dada zake, na dada zake wana mabinti, na shughuli za wanawake ndizo nyingi kuliko zote hapa Nyali. Kwa hiyo anamtaka mke wangu naye aajiriwe, awe chini ya kikosi changu, avae shati la kaki.

Mke wangu alikuwa bado ananukia ubani. Alimwamkia vizuri, akamshukuru, akamwambia shati la kaki halivai, kwa kuwa kunguru wamekwisha kulijua, na hilo ndilo kosa la hawa wanaume siku zote. Atavaa anachoshona. Na chini ya mtu hatakaa.

"Mimi nitapiga," akasema. "Huyu atanitengenezea risasi. Ni hodari, mwache afanye anachokijua."

Meneja akanitazama kuona nitasemaje. Viatu vya nje ya mlango navyo vilikuwa vimeacha kutikisika. Mtu mwingine hapo angeona ameshushwa, angevuta mdomo, angeharibu kazi ya watu wanne na yake ya tano. Mimi niliitazama mikono yangu, ambayo hakuna mwingine kutoka Mtongwe mpaka Mishomoroni anayeweza kutoa risasi kama zake, nikakubali, na nilikubali kwa sauti ya mtu anayetoa ruhusa.